Uzoefu wangu na kijitabu cha mafumbo chenye vidokezo virefu

Nilikinunua Ramadhani iliyopita kwenye duka la vifaa vya shule huku Ngamiani, shilingi 5,000. Nilikuwa nimefuata madaftari ya wanangu. Nikakiona juu ya meza, nikakifungua katikati, nikakuta kidokezo kimoja kimechukua mistari minne. Nilidhani mchapaji amechanganya kurasa, hadithi ikaingia kwenye chemshabongo. Nikasoma tena, nikaangalia visanduku vyake: vitano. Mistari minne kwa neno la herufi tano! Nikalipa, madaftari nikayasahau pale pale, ikabidi nirudi kesho yake.

Tuliozoea chemshabongo za magazetini tunajua vidokezo vyake. "Mnyama wa kufugwa." "Mji mkuu wa Kenya." Unajaza ukiwa ndani ya daladala, na kabla hujashuka umemaliza. Ufupi huo ni wa tangu mwanzo. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alipochapisha fumbo la kwanza la namna hii katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913, vidokezo vyake vilikuwa vifupi kama maelezo ya kamusi. Baadaye Waingereza wakakifanya kidokezo kuwa mtego, nusu yake maana na nusu yake mchezo wa herufi. Mtungaji wa kijitabu hiki hakufuata njia hiyo wala ile. Amerudi barazani kwetu, akachukua kitendawili, akakirefusha mpaka kikawa kisa. Mafumbo yako 60, kila moja lina visanduku 13 kwa 13, na kidokezo kirefu kuliko vyote nilichokutana nacho mpaka sasa kina maneno 58. Nimehesabu kwa kidole.

Nianze na jambo ambalo anayetaka kununua anapaswa kulijua kwanza: kijitabu hiki ni cha watu wawili. Ukikisoma peke yako kimya kimya, vidokezo hivi vinachosha, na siku mbili za mwanzo nilikaribia kukiweka kabatini. Nilichokuja kufanya ni kumsomea mjomba wangu. Mjomba ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anasubiri siku yake ya upasuaji, na tangu mwaka jana hawezi kusoma kitu chochote. Zamani alifanya kazi bandarini hapa Tanga, enzi ambazo meli zilitia nanga ghubani na mizigo ikafuatwa kwa matishari. Nilipowahi kumsomea zile za gazetini aliniambia, "Mwanangu, hayo ni maswali ya darasa la tatu." Hivi virefu ameviinamishia kichwa. Anaweka fimbo katikati ya magoti, anafumba macho, anasikiliza mpaka mwisho, kisha ananiambia, "Soma tena, polepole." Maandishi yanayochosha jicho yanatulia kabisa sikioni. Naamini mtungaji aliyaandika kwa kuyasema, maana kila sentensi ina mahali pa kuvuta pumzi.

Nieleze ya siku moja. Ilikuwa baada ya alasiri, tuko barazani, na huko uani mkaza mjomba anakuna nazi ya mihogo ya futari. Nikasoma namba 8 wima:

"Sina mkia wala kwato, na majani siyajui, ingawa jina langu ukiliita zizini atageuka mwingine. Sitafuni mpaka nikaliwe, na nikitafuna chakula hakishuki tumboni, huanguka siniani kikiwa cheupe."

Maneno 26. Mjomba akasema, "Nikaliwe. Ni kiti hicho." Nikamwambia kiti kina herufi nne na hapa ni tano, tena hakina jina la zizini. Akanyamaza. Nikasoma mara ya tatu. Huko uani ule mkwaruzo wa nazi ukakatika ghafla, na sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mnahangaika nini nanyi? Si hii niliyoikalia!"

Mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi. Nikaandika herufi zile tano, mjomba akapiga fimbo chini mara mbili kama afanyavyo akifurahi, kisha akanitaka nirudie kidokezo chote sasa jibu tukiwa nalo, tuone kama kuna neno limekaa bure. Hakuna. Mkia na kwato vimetajwa ili ufikirie mnyama na papo hapo umkatae. Zizi liko pale kwa ajili ya jina. Kukaliwa ndiyo kazi yake. Cheupe ni tui kabla halijakamuliwa. Ukitoa neno moja, fumbo linachechemea. Mimi nakiita kidokezo cha haki.

Kidokezo kama hicho hakiwezi kuwa kifupi kwa Kiswahili, na hili nililielewa taratibu. Kwetu sentensi fupi tu humtoa mtu siri kwa sababu ya ngeli. Ukiniandikia "kinakaliwa", nimeshajua natafuta kiti au kigoda. Ukiandika "unakaliwa", nitasema mkeka. Kiambishi kimeshanitajia ukoo wa jibu kabla sijafikiri. Angalia sasa mtungaji alivyofanya: sina, siyajui, sitafuni, nikaliwe. Amekipa kitu chenyewe nafsi ya kwanza kijieleze, na kwenye "mimi" hakuna ngeli. Mtu, mti, samaki na chungu wote wakisema "nimekaa" wanasema sawasawa. Lakini kitu kikianza kujieleza lazima kieleze vya kutosha, na hapo maneno yanaongezeka. Bibi zetu waliijua hila hii kwa upande mwingine waliposema "nyumba yangu haina mlango". Wewe unahangaika na nyumba, kumbe yai.

Sababu nyingine ni maneno yetu yenye sura moja na maana nyingi. Kwenye fumbo la 12 kuna jibu la herufi tatu tu, PAA, na kidokezo chake kinapita kwa kinachotufunika nyumbani, anayekimbia mwituni kwa miguu minne, afanyacho ndege akiuacha mti, na anachofanyiwa samaki kabla hajaingia chunguni. Maana nne kwa pumzi moja. "Mnyama wa porini" ingetosha kujaza visanduku, lakini nani angekumbuka kwamba neno lile lina nyumba na jikoni ndani yake?

Halafu kuna suala la irabu. Maneno yetu karibu yote huishia a, e, i, o au u, na katikati konsonanti na irabu hupokezana. Kwa hiyo herufi unayoazima kwenye neno linalokatiza mara nyingi huwa A au I. Umepata A ya mwisho. Umepata nini hapo? Visanduku havikusaidii sana, inabidi kidokezo chenyewe kibebe mzigo. Ndiyo maana nasema urefu, ukitumika vizuri, kwa lugha yetu ni msaada kwa msomaji.

Kuna kimoja mjomba alikijibu hata sijafika nusu. "Wasafiri wawili chomboni, mmoja akaenda kukaa mbele na mwenziwe nyuma..." Akanikatiza: "Ngamani! Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Mimi methali nilikuwa naijua kwa kusikia, ila ilibidi aniambie kwamba omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na ngama ni kule chini kabisa maji yanapokusanyika mpaka yakumbwe. Alinieleza hadi namna walivyokaa kwa zamu kuyakumba maji yale. Siku hiyo hatukuendelea na fumbo, tulikaa na habari za bahari mpaka adhana ya magharibi.

Sasa yaliyoniudhi, maana yapo na si madogo.

Theluthi hivi ya vidokezo ni virefu bila kazi. Mfano ni wa mkonge. Kinaanza kwa kutaja zao lililoletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kikaendelea na safari ya miche kutoka Florida, na kwamba iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani, na bado kinakwenda. Historia ni ya kweli, na mjomba aliifurahia kwa sababu ameshapakia robota za mkonge kwa miaka. Lakini tuwe wakweli. Mtoto gani wa Tanga hatajibu akisikia mwaka 1893 na Mjerumani? Fumbo limekufa kwenye mstari wa kwanza, mitatu iliyobaki ni somo la darasani. Ukiyafuta maneno yote baada ya jina la Hindorf jibu halibadiliki. Linganisha na mbuzi pale juu, ambapo huwezi kufuta hata kwato.

La pili limeniuma zaidi. Kidokezo cha SHAABAN kinasema mshairi huyu alizaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1919. Shaaban Robert alizaliwa 1909, akafariki 1962. Machui ni hapa hapa kwetu, si mbali na mjini, na kitabu kinauzwa Tanga. Kwenye habari ya kawaida ningesema ni kidole kimeteleza. Kwenye fumbo mwaka ni ushahidi. Anayejua tarehe ndiye anayekosa jibu, akidhani anatafutwa mtu mwingine, na hiyo ni dhuluma kwa msomaji makini.

Tatu, herufi mbili zenye sauti moja. Fumbo la 9 lina CHAZA kwenye visanduku vinne, yaani CH imewekwa pamoja. Ukigeuza ukurasa, fumbo la 10 lina CHOMBO kwenye visanduku sita, C peke yake na H peke yake. Kwenye NG'OMBE mtungaji ameipa ritifaa kisanduku chake! Tulipoteza jioni nzima kwa hilo tukidhani tumekosea neno linalokatiza. Mimi sina ubishi na utaratibu wowote atakaouchagua. Auchague mmoja, auandike ukurasa wa kwanza kwa sentensi moja, aufuate hadi mwisho. Nilipiga namba iliyo nyuma ya jalada nikayaeleza haya yote, aliyepokea alinisikiliza kwa adabu na kuandika. Natumaini yatarekebishwa kwenye chapa ijayo.

Karatasi ni laini mno, ukifuta mara mbili inatoboka, kwa hiyo tumia penseli nyepesi. Majibu yako nyuma, yamepangwa vizuri.

Je, ninunue? Kama unataka kitu cha kupoteza muda ukisubiri basi la Dar es Salaam, hapana, cha gazeti kitakufaa zaidi. Kama nyumbani kuna mzee ambaye macho yamemchoka na akili bado inawaka, nunua leo. Vidokezo vizuri vya humu vinamrudishia nafasi ya kuwa mjuzi wa baraza. Mimi nimeishi mjini Tanga miaka yangu yote na ndani ya miezi hii nimejifunza maneno ya chomboni na ya jikoni ambayo sikuwahi kuyasikia shuleni, tena kwa mdomo wa mjomba wangu mwenyewe. Kwa alama, nakipa nne kati ya tano, na hiyo moja nitairudisha siku nikiona 1909 imeandikwa mahali pake.

Tumefika fumbo la 44. Namba 17 mlalo iko wazi siku ya tatu leo, ina visanduku sita na cha mwisho ni A:

"Mtungi haukujaa wala haukuwa mtupu, mwenyewe aliketi kando yake tangu asubuhi mpaka magharibi, na jioni ile timu yake ikarudi na kombe. Neno moja linatosha kwa yote matatu."

Mjomba amekataza nisifungue kurasa za majibu. Jana usiku, baada ya isha, alinipigia simu kuniomba nimsomee tena ile sehemu ya mtungi.