Mwenye duka akitaka ubunge kwenye bunge la jimbo (state) Marekani, si lile la taifa: New Hampshire au California?
New Hampshire wabunge wa bunge la chini wako 400 na posho ni dola 100 kwa mwaka, yaani hiyo hata mafuta ya gari haitoshi, kwa hiyo duka lazima liendelee kufunguliwa, labda mke au mume akae kaunta. Uzuri wake kila mbunge ana watu kama 3,500 tu, wengi ni wateja wake, kampeni anapiga hapo hapo dukani akipima misumari 😂

California ni ajira kamili, mshahara unazidi dola laki moja, ila wabunge wa bunge la chini ni 80 tu, kila mmoja watu karibu laki tano, na ukomo wa kukaa bungeni ni miaka 12. Duka utamwachia nani sasa? Mimi ningeenda New Hampshire.