Daktari safi, mkanda takataka (duka la dawa za mifugo, Mbeya mjini)

Wiki tatu kabla ya kushuka Matema, kule ufukweni Ziwa Nyasa, na familia nilimpeleka mbwa wangu Simba kwenye duka moja la dawa za mifugo hapa mjini, aisee daktari wao yuko vizuri, kaangalia kadi kakuta chanjo ya kichaa cha mbwa imepitiliza mwaka kamchoma palepale, kanipa dawa ya minyoo na ya kupe, kaniambia huku tuko kama mita 1,700 ila ziwani hata 500 hazifiki kwahiyo huyu aliyezoea baridi joto litamtesa, maji yawe karibu muda wote na nisithubutu kumfungia kwenye gari. Na asubuhi ya safari asile, kona za Tukuyu si mchezo. Kweli hakutapika, aliyetapika ni mwanangu wa mwisho 😂

Sasa ule mkanda wa shingo walioniuzia! Umekatika Kyela, tumemkimbiza katikati ya magunia ya mchele watu wanacheka tu. Nimeurudisha, dada wa kaunta eti "kaka, kikishatoka hakirudi". Mkanda nendeni kwa fundi viatu.