Lenzi ya mkono ya 10x kwa watunza maua na ukoka

Majani ya waridi yakianza kupauka kwa vitone vidogo vya njano, wengi hukimbilia pampu na dawa ya wadudu. Mara nyingi tatizo ni utitiri, na utitiri si mdudu: una miguu minane, na dawa nyingi za wadudu hazimdhuru. Zinachoua ni maadui zake, kwa hiyo anarudi kwa wingi zaidi. Ndiyo sababu, kwa maoni yetu, lenzi ndogo ya kukunja inayokuza mara 10 inunuliwe kabla ya dawa yoyote.

Tunayoipendekeza ina vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja, upana wa milimita 18 hadi 21, na hukunjwa ndani ya kava lake la chuma. Zile za kioo kimoja cha plastiki huzungushia picha rangi na kuipinda pembeni. Kabla ya kulipa, tazama karatasi ya miraba: mistari inyooke mpaka karibu na ukingo. Kisha pima umbali wa lenzi na karatasi picha inapokuwa safi. 10x ya kweli huona vizuri kwa milimita 25 hivi. Iliyoandikwa 30x na inaona vizuri kwa umbali uleule, maandishi hayo ni uongo. 30x halisi ingekutaka usogee hadi milimita 8 hivi, na kioo chake huwa kidogo sana.

Lenzi hukaa jichoni, karibu iguse kope, na jani ndilo linalosogezwa. Anayeishika mbali na jicho huona kiduara kidogo tu, kisha anailaumu lenzi. Simama ili mwanga uangukie jani, si uso wako.

Geuza jani la waridi, angalia kando ya mshipa mkuu. Utitiri wa kawaida ni wa njano-kijani, ana doa jeusi kila ubavu, na mayai yake ni ya duara, meupe ya kupenyeza mwanga. Kati yao anaweza kupita mwingine wa rangi ya chungwa, mwenye umbo la pea, asiye na madoa, akikimbia kasi. Huyo ni utitiri anayewala hao wa njano-kijani. Ukiwaona wengi wa aina yake, weka pampu chini. Vidukari nao wana vijibomba viwili nyuma ya mwili. Kidukari aliyevimba, mwenye rangi ya shaba na tundu la duara mgongoni, ameshaliwa na nyigu mdogo aliyekulia ndani yake. Vithiripi, wadudu wadogo wembamba, hawakupi shida: michirizi ya rangi ya fedha na vitone vyeusi vya kinyesi vinatosha kuwatambua.

Kwa magonjwa, tazama ukingo wa doa. Doa jeusi la waridi lina ukingo wenye vinyuzi, si mkato safi. Ubwiri unga, ukungu mweupe kama unga, huota juu ya jani na hufutika kwa kidole, ilhali ubwiri vinyoya huota chini yake.

Kwenye ukoka ndipo lenzi inapookoa fedha nyingi. Ncha za majani zilizogeuka nyeupe huitwa ugonjwa haraka, lakini chini ya 10x ukiona nyuzi zilizochanika, noa kisu cha mashine ya kukatia. Kuvu inayoleta viraka vidogo vya duara huacha kovu lililopauka linalovuka jani zima, limebanwa katikati, lina kingo za kahawia-nyekundu.

Lenzi haiwatoi wadudu ardhini. Changanya vijiko viwili vya mezani vya sabuni ya maji ya vyombo katika lita 4 za maji, mwagia mita moja ya mraba. Viwavi na chenene hupanda juu ndani ya dakika 10. Funza weupe hawatoki kwa sabuni: kata ukoka sentimita 30 kwa 30, kina cha 5 hadi 10, uwahesabu. Hapo lenzi inarudi kazini, maana mpangilio wa vinywele kwenye ncha ya tumbo ndio hutambulisha aina ya funza.

Haitakuonyesha virusi, bakteria wala minyoo fundo (minyoo midogo sana inayovimbisha mizizi), na utitiri wanaovimbisha machipukizi wanahitaji 20x. Ipulizie vumbi kabla ya kuifuta, kwani mchanga hukwaruza kioo. Ifunge kamba ya rangi kali uivae shingoni. Ikianguka kwenye ukoka haionekani tena kirahisi.