Mwaka wangu wa peintiboli Nairobi, na swali nililoulizwa pale kaunta

Sitazungusha maneno. Mchezo wa peintiboli, ule wa kufyatuliana vidonge vya rangi kwa bunduki za gesi, naupenda, na watu ninaocheza nao nimewapenda kuliko nilivyotarajia. Lakini ule uwanja tuliokuwa tukichezea, nje kidogo ya jiji, simshauri mtu aende. Nilitaka kuandika haya wiki ile ile mambo yalipotokea, nikaambiwa nipoe kwanza. Nimengoja, na bado nikikumbuka damu inachemka.

Bei, saa za kufungua na idadi ya watu wanaotoshea sitaviandika. Hivyo ukipiga simu utaambiwa, tena kwa sauti tamu. Nataka mjue yale ambayo hakuna atakayewaambia kwa simu.

Niliingia kwenye mchezo huu kupitia safari ya ofisi, zile za kuwafanya wafanyakazi wazoeane. Wenzangu wengi walirudi mjini wakilalamikia magoti. Mimi nilirudi nikiuliza watu wanaocheza kila Jumapili wanapatikana wapi. Kazi yangu ni madai ya bima ya magari: simu, fomu, watu wenye hasira, kutwa nzima. Halafu Jumapili niko kifudifudi chini ya mkaratusi, nasikia pumzi zangu ndani ya kinyago, na duniani hakuna kitu kingine ila kile kichaka kilicho mbele kilichotikisika. Hakuna kitu kilichowahi kunipumzisha akili namna hiyo, hata kanisani, na Mungu anisamehe.

Kundi letu ni la mchanganyiko wa watu ambao mjini huwaoni wakikaa meza moja. Yuko fundi wa friji kutoka mtaa wa Pipeline, nesi anayekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, wanafunzi wa chuo, dereva wa lori, na mzee mmoja mstaafu ambaye hukimbii naye lakini humwoni mpaka amekupaka rangi. Mzee huyu ndiye aliyenifundisha kutambaa. Kila mgeni akija humsimulia mchezo wa kwanza kabisa, ule wa mwaka 1981 katika msitu wa New Hampshire huko Marekani, wanaume 12, kila mtu peke yake, na bunduki zilizotengenezwa kwa ajili ya wakata mbao na wafugaji kutia alama miti na ng'ombe. Aliyeshinda siku hiyo alikusanya bendera zake zote bila kufyatua hata mara moja. Mzee akifika hapo humtazama mgeni aliyenunua vidonge vingi na kusema, "Basi wewe endelea kupiga kelele." Mimi nilishika somo lile. Vidonge vyangu hubaki.

Wanafunzi walijaribu kutuvuta twende kwenye easofti, mchezo mwingine wa kufyatuliana, ule wa vitufe vya plastiki vya milimita 6. Nilikataa na sababu zangu ninazo. Kule kitufe hakiachi alama, kwa hiyo aliyepigwa husema mwenyewe kwamba amepigwa, na mchezo mzima unasimama juu ya ukweli wa mtu. Hilo ni jambo zuri. Tatizo ni kwamba bunduki zenyewe hutengenezwa zifanane kabisa na za kweli. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, inazitaja hata silaha za bandia, na mimi sitaki kuwa ndani ya matatu Jogoo Road na begi lenye kitu ambacho askari akikiona gizani hatauliza mara mbili. Bunduki yetu ya rangi ina chombo cha vidonge kimekaa juu na mtungi wa gesi chini. Hata mtoto anaona si ya vita.

Lakini isifikiriwe kwamba ni kitu cha kuchezea ovyo. Kidonge kina ganda la jelatini, kama lile la dawa za hospitali, na ndani mna rangi inayotoka kwa maji. Ukubwa wake ni karibu milimita 17. Viwanja vingi haviruhusu kitoke kwa kasi inayozidi futi 300 kwa sekunde, yaani mita 90 hivi. Kikikupata pajani unabaki na duara jekundu, na kesho yake unawaonyesha watu ofisini. Kikikupata jichoni ni habari nyingine. Tundu la jicho ni kubwa kuliko kidonge. Ndiyo maana sheria ya kwanza, kabla ya zote, ni kinyago: hakivuliwi ndani ya uwanja, hata kikiwa na ukungu, hata ukitaka kujikuna, mpaka utoke nje ya wavu.

Na hali ya hewa ya Nairobi ina mambo yake. Ile baridi ya Julai, asubuhi yenye mawingu mpaka saa sita, ganda la kidonge hukakamaa na kuwa jepesi kupasuka, kinavunjikia ndani ya mtutu na bunduki inatema uji wa rangi. Ukipandisha nguvu ya bunduki ifyatue vizuri katika baridi hiyo, jua likichomoza mchana gesi ya mtungini inapata joto, mgandamizo unapanda, na kasi inapanda nayo. Kwa sababu hiyo kila uwanja unaojiheshimu una kipima kasi, na kila bunduki hupimwa asubuhi na kupimwa tena. Pale petu kipima kasi nilikiona mara moja tu, kwenye droo ya kaunta, pamoja na chaja za simu. Nilipouliza niliambiwa betri zimeisha. Zilikuwa bado zimeisha miezi baadaye.

Sasa siku yenyewe.

Nilimleta mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko kidato cha pili. Alikuwa ameniomba tangu likizo iliyopita. Alipewa kinyago ambacho nilikishika mwenyewe nikakigeuza. Lastiki ilikuwa imekufa, ukiivuta inabaki pale ulipoivutia. Kibano cha upande wa kushoto hakikuwepo, na mahali pake palifungwa kamba ya kiatu ya rangi ya chungwa, mafundo mawili. Sponji ya paji la uso ilikuwa imelika mpaka plastiki ikaonekana.

Nikarudi kaunta. "Kijana, hii imelegea. Naomba utupatie nyingine."

"Mathe, zote ni sawa."

"Ivute kwanza uone."

Hakuivuta. Aliichukua, akaongeza fundo la tatu, akanirudishia juu ya meza bila kuniangalia. "Kuna watu nyuma yako wanangoja."

Kulikuwa na watu, ni kweli. Kulikuwa pia na vinyago vingine ukutani nyuma yake, vimetundikwa. Nilivionyesha kwa kidole. Akasema hivyo vimewekwa kando, kuna kampuni imelipia, wanakuja saa nane. Kwa hiyo vinyago vizima vilikuwepo. Mtoto wangu ndiye hakuwa wa saa nane.

Nilikikaza mwenyewe kwa nguvu zangu zote, nikamwambia akikihisi kinateleza alale chini na apige kelele. Tukaingia.

Mchezo haukuwa umechacha hata kidogo. Alijirusha nyuma ya pipa kama alivyotuona tukifanya, na fundo likafunguka. Nilikuwa upande wake wa kulia, hatua chache. Niliona kinyago kimepanda juu ya nywele, na yeye anapapasa kwa mikono miwili, macho wazi, vidonge vinapasuka kwenye pipa. Nilisimama na mkono juu nikipiga mayowe, "Hana kinyago! Hana kinyago!" Refa alikuwa mbali, ameegemea mti, firimbi iko shingoni na simu iko sikioni. Firimbi hiyo haikulia.

Aliyesimamisha mchezo ni fundi wa friji, na alikuwa timu ya pili. Alitupa bunduki yake chini, akatoka mahali pake pa kujificha akikimbia, akamfunika mtoto kwa mgongo. Alipigwa mgongoni na watu wake mwenyewe, nafikiri mara mbili, kabla ya wote kuelewa. Halafu kila mmoja akashika kelele ile ile, mitutu ikainama, kukawa kimya. Nilimfikia mpwa wangu nikamkuta na rangi ya manjano imemwagikia sikio la kushoto. Weka vidole vyako kati ya sikio na jicho la mtoto, uone ni vingapi vinatosha.

Nilikwenda kaunta na kinyago mkononi. Sikutukana. Nilikiweka mezani na kamba yake ya chungwa, nikasema, "Hiki ndicho nilikukatalia." Akakiangalia, akamwangalia mtoto, akaniuliza:

"Kwani jicho limetoka?"

Nimeliandika swali hilo kama alivyolisema. Nimelisikia usiku nikiwa kitandani, nimelisikia ndani ya lifti kazini. Kijana wa watu, umri wa mdogo wangu wa mwisho, anauliza swali hilo mbele ya mtoto mwenyewe. Kisha akaongeza kwamba kinyago kimeharibikia mikononi mwetu, kwa hiyo kuna mia tano ya kulipa, na kadi zetu tulizoacha pale langoni hazitatoka kabla. Nililipa kwa M-Pesa kwa sababu mtoto alikuwa anatetemeka na nilitaka kuondoka. Msimamizi alitukimbilia tukiwa tumeshafika barabarani. Yeye alikuwa na adabu, akaniita dada, akasema pole, akasema siku nyingine nikija atanipa vidonge mia vya bure. Sikuwa nimemwomba vidonge.

Nikiwa mkweli, si kila mtu pale yuko hivyo. Kuna refa mmoja wa kike ambaye huwazungukia wageni wote mmoja mmoja na kuwavuta lastiki kwa mkono wake kabla hajafungua wavu, na akikuta mtutu haujafunikwa ukiwa nje ya uwanja anakutoa bila kujali umelipa kiasi gani. Angalikuwa zamu siku hiyo nisingekuwa na la kuandika. Na mama wa chai na mandazi pale nyuma alimwosha mpwa wangu sikio kwa maji ya vuguvugu na kukataa pesa. Nilipokuwa nikipanga haya kichwani nilisema nitawapa nyota tatu kwa ajili ya hao wawili.

Lakini hebu tazameni ilivyoendelea. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp yaliyotokea, nikapendekeza tugome mpaka vinyago vibovu vitolewe na kipima kasi kifanye kazi. Nesi aliniunga mkono hapo hapo. Anaona majeraha ya macho kazini, hakuhitaji kuelezwa. Dereva wa lori pia. Wengine wakanyamaza. Na wengine, watu niliotambaa nao matopeni, wakaniambia nisiwaharibie. "Tukiwachongea watafunga, na sisi tutachezea wapi?" Mmoja akasema watoto wasiletwe tu, mambo yaishe.

Hoja ya uwanja naielewa. Viwanja si vingi, na hatuwezi kwenda kujificha msitu wa Karura na bunduki za rangi. Uwanja ukifungwa, Jumapili zetu zimekwisha, na nimeshasema Jumapili hizo ni nini kwangu. Lakini hii ya watoto ilinikata maini. Mpwa wangu alikuwa na umri unaoruhusiwa, alisaini fomu, mamake alisaini, nilisaini. Lastiki mbovu haiulizi umri. Ingekuwa kwa nesi ingefunguka vile vile, na nesi angekuwa ndiye anayepapasa nyuma ya pipa.

Mzee hakuandika chochote kwenye kundi. Alinipigia simu. Aliniambia yeye Jumapili hiyo inayofuata alikwenda peke yake mapema, akasimama kaunta na kuvuta lastiki za vinyago vyote vya ukutani, kimoja kimoja, wakimwangalia, na kile cha kamba ya chungwa alikikuta kimerudishwa kwenye ndoana. Kimefungwa fundo la nne.

Basi zile nyota tatu nimezifuta. Nawapa moja, na hiyo ni ya refa wa kike na mama wa chai wagawane. Kijana wa kaunta akiniomba radhi nitaipokea, sina kinyongo na riziki ya mtu. Ila mwenye uwanja, ambaye sijawahi kumwona hata siku moja, ndiye ninayemtaka asome hapa. Kamba ya kiatu haifungi kinyago. Betri za kipima kasi hazifiki hata bei ya mfuko wa vidonge. Mia tano yangu irudi kwa namba ile ile iliyotoka, na kile kinyago kikatwe vipande viwili kisimfikie mtoto mwingine.

Mpwa wangu anauliza tutarudi lini. Mamake amekataa, na sijamlaumu. Mimi nimenunua kinyago changu, chenye kioo cha tabaka mbili kisichoshika ukungu, na lastiki ambayo naivuta kila nikipita kabatini. Jumapili hii kundi linaenda bila mimi. Nimempa nesi kinyago hicho aende nacho kwenye begi, na nimemwambia asikivae yeye kwa kuwa chake ni kizima. Akae karibu na kaunta, na mgeni wa kwanza atakayepewa cha mafundo, ampe hicho changu.