Mgema alisifiwa, na mimi ni mmoja wa waliomsifu

Naanza kwa kukiri kosa. Niliwahi kukiandikia sifa kiwanda kidogo cha bia cha mtaani kwetu, nikakipa nyota tano, nikawasihi watu waende. Wapo waliokwenda kwa maneno yangu. Leo nayafuta. Jina silitaji; wanaokijua watakitambua, na wasiokijua hawakosi kitu. Au pengine wanakosa. Tutafika huko, kwanza niacheni niteme nyongo.

Ilikuwa jioni moja, si zamani sana. Nilipitia mlango wa mbele, nimevaa shati safi, na hilo la mlango mlishike vizuri maana ndilo kiini cha habari. Nikaagiza bia yao nyekundu, ile iliyowapa jina, kutoka bombani. Glasi ikaja na povu zuri tu, la kumhadaa mtu. Fundo la kwanza: siagi. Si siagi ya kudhania, siagi hasa, kama bisi za sinema zimelowekwa humo. Fundo la pili, nyuma ya siagi ikachungulia siki. Na ulimi ukabaki na utelezi, kama nimelamba mshumaa.

Nikairudisha kaunta. Kwa adabu, naapa. Kijana aliyekuwa zamu amevaa aproni ya ngozi, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Nikamwambia, "Bwana mdogo, hii bia ina kasoro, hebu ionje." Hata mkono hakuunyoosha. Akasema, "Haina kasoro, mzee. Hiyo ndiyo bia ya kraft. Nyie mmezoea zile za viwanda vikubwa."

Nyie. Nikarudia: onja tu, tone moja. Hapo ndipo akanitazama vizuri usoni, na nikaona kabisa namna alivyonikumbuka. "Kwani wewe si yule mzee wa machicha?" Wawili waliokaa pembeni mwa kaunta wakageuka. "Basi ndiyo maana. Kule mlango wa nyuma hakuuzwi bia, ulimi utazoea wapi?" Wale wawili wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akajifuta povu puani.

Ndiyo, mimi ndiye mzee wa machicha. Dada yangu anafuga ng'ombe, na kwa muda mrefu sasa mimi ndiye ninayekwenda na ndoo kuchukua kimea kilichokwisha kukamuliwa utamu wake. Kwa wasiojua: shayiri iliyooteshwa na kukaushwa huvunjwavunjwa, hulowekwa kwenye maji ya moto, sukari yake ikatoka na kwenda kuwa bia. Kinachobaki ni rundo la maganda lenye protini na nyuzinyuzi, na ng'ombe wanalipenda kupita kiasi. Lakini lina maji mengi mno. Kwenye joto, siku mbili tu linaanza kuchacha na kunuka. Kiwanda hakina pa kuliweka. Kwa hiyo kijana anaponicheka ajue kwamba nikilala usingizi siku mbili, harufu itakayomfuata hapo kaunta hakuna aproni itakayoizuia. Tunafaana. Mimi siombi pale, wala wao hawanipi sadaka.

Kilichoniudhi zaidi ni neno "kraft", yaani bia ya ufundi ya viwanda vidogo, kutumiwa kama kizibo cha mdomo wa mteja. Eti kasoro ndiyo ufundi. Huyu kijana angejua chimbuko la kazi yake angenyamaza. Mwaka 1971 Waingereza wanne waliokuwa mapumzikoni Ireland walikaa kwenye baa wakilalamikia bia za kwao: zimechemshwa kuuliwa hamira, zimejazwa gesi, zote ladha moja. Kutoka kwenye lalamiko hilo wakaanzisha chama cha wanywaji, CAMRA, ambacho hadi leo kinawakosesha usingizi wenye viwanda. Miaka michache baadaye, 1976, Mmarekani Jack McAuliffe akafungua kiwanda kidogo cha bia, New Albion, kule Sonoma, California, kwa matangi ya maziwa aliyoyaokoteza, kwa sababu bia aliyoitaka haikuwa ikiuzwa. Hakudumu, kufika 1982 alikwishafunga. Lakini wengi waliomfuata walianzia pale alipoishia. Sasa niambieni, hawa wote si walalamishi? Bila watu waliorudisha glasi wakasema "hii hapana", hiyo aproni ya ngozi asingekuwa nayo.

Narudi kaunta. Sikuondoka. Nikalipia kopo la bia ile ile nyekundu, lililofungwa, nikalipasua mbele yake na kumimina kwenye glasi ya pili. Safi! Ule ukavu wa kimea kilichokaangwa, hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, ikiuma kidogo mwishoni, hakuna siagi hata ya dawa. Nikaziweka glasi mbili sambamba. Rangi moja, povu moja, ukinusa ni mbingu na ardhi.

Hapo aliyeelewa mchezo angekuwa ameshaelewa. Ile ladha ya siagi watengenezaji wanaiita daiasetili. Hamira yenyewe huizalisha bia inapochachuka, kisha mwishoni huila tena, mradi iachiwe siku mbili tatu kwenye joto la juu kidogo kabla ya kupozwa. Mwenye pupa akiipoza mapema, hamira inalala na siagi inabaki. Lakini ingekuwa hivyo, kopo nalo lingenuka, maana yote yanatoka tangi moja. Kopo likiwa safi na bomba likanuka, mchawi ni bomba: ndani ya mrija bakteria wamejenga, wanatoa siagi na uchachu wao, na penye hewa wale wa siki wanajiunga. Chama cha viwanda vidogo cha Marekani, Brewers Association, kinashauri mirija isafishwe kwa dawa kila baada ya wiki mbili. Si kila mtu anayekumbuka.

Na elimu hii yote sikuisoma popote. Nimefundishwa na fundi wao mwenyewe, mama mmoja wa makamo, hapo hapo mlango wa nyuma, tukipakia ndoo. Ndiyo maana iliniuma. Mlango wa nyuma wananifundisha, mlango wa mbele wananiambia sina ulimi.

Sauti zilipopanda fundi akatokea huku anajifuta mikono. Hakuuliza nani kaanza. Akanusa glasi ya kwanza, akanusa ya pili, akaimwaga ya kwanza kwenye sinki bila hata kuionja. Kisha akachukua spana ndogo, akafungua pua ya bomba. Jamani. Ndani ya kile kichuma palikuwa na utando wa manjano, mlaini, unavutika kama makamasi, samahani kwa mnaokula. Akaupakaza kwenye kitambaa cheupe, akakitandaza juu ya kaunta, pale pale mbele ya wale wawili waliokuwa wakicheka. Glasi zao walikuwa wamekwishazimaliza.

Akamuuliza kijana, "Mmesafisha lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

Kimya. Nilitamani Ijumaa hiyo nayo iletwe itoe ushahidi.

Bomba likafungwa, kibao kikatundikwa, nikapewa kopo jingine bila malipo. Wengi mngesema basi, yameisha. Mimi hayakuniishia. Fundi aliomba radhi kwa ajili ya bia. Kwa ajili ya lile neno hakuna aliyeniomba radhi. Nina hakika alilisikia, ukuta wenyewe ule ni wa mbao. Bomba lina dawa yake na mswaki wake. Dharau mliipangia ratiba gani?

Nilitoka nimeamua nyota moja. Hata hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubali.

Halafu nikiwa nje nikageuka kuutazama ukuta wao, ule walioandika kwa herufi kubwa kuwa wanajitegemea na ni wa mtaa. Nikataka kucheka, nikashindwa. Kwa sababu ni kweli. Paa la jirani lilipong'olewa na upepo, walitenga pipa zima, kila glasi iliyonywewa fedha yake ikaenda kwenye paa jipya. Hawakuanza wao: mwaka 2018 moto ulipoteketeza mji wa Paradise, California, kiwanda cha bia cha Sierra Nevada kilipika bia moja iitwayo Resilience, kikagawa maelekezo yake bure, na viwanda zaidi ya 1,000 vikapika bia hiyo hiyo na kuchangia mauzo. Wetu walifanya kwa pipa moja, lakini nyumba ile leo haivuji. Mikutano yetu ya mtaa inafanyika ukumbini kwao mchana kabla ya kufungua, viti bure, na asiyekunywa hasumbuliwi. Vijana wawili waliokuwa hawana hili wala lile sasa wanajua kupima uchachu na kuunganisha mirija. Mmoja wao ni huyo huyo wa aproni. Loo.

Na najua pia jinsi viwanda vya namna hii vinavyopotea. Goose Island ya Chicago ilinunuliwa na kampuni kubwa ya bia, Anheuser-Busch, mwaka 2011. Anchor ya San Francisco, ambayo Fritz Maytag aliiokoa mwaka 1965 ilipokuwa inakata roho, ilikuja kuuzwa kwa kampuni ya bia ya Japani, Sapporo, na mwaka 2023 ikafungwa. Hao Brewers Association wanasema ukitaka kuitwa unayejitegemea, kampuni ya pombe isiyo ya kraft isishike robo ya hisa zako. Sawa. Wetu hawana mwenye hisa wa nje hata mmoja. Ila mtu anaweza kuwa huru kwa tajiri na bado akawa mtumwa wa sifa. Na sifa zile, nilishasema, mimi ni mmoja wa waliozimwaga. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu maji hakutia, mniwie radhi kwa uzushi huo. Huyu alisifiwa akasahau kuosha kibuyu.

Kwa hiyo nyota ngapi? Bia ya kopo ni nne, wala sibishani na mtu. Fundi ni tano. Bomba, siku ile, chini ya moja. Kijana sijui nimpe nini. Nilipokuwa naandika aya za juu nilikuwa nimempa fimbo. Sasa hivi nakumbuka kwamba alipoulizwa "Ijumaa gani" masikio yalimwiva, na kwamba siku zote zamu ya jioni anakaa peke yake: anamimina, anaosha glasi, anapokea fedha, na mirija bado imsubiri yeye. Hilo ni la wenye kiwanda. Ukimpa mtu mmoja kazi za watu watatu, ya nne itakayoachwa ni ile isiyoonekana, na ndani ya mrija hakuna anayechungulia. Lakini basi, kuwa peke yako hakukulazimishi kumwambia mtu mzima hana ulimi. Hapana, nakasirika tena. Nyota mbili. Tatu kwa atakayekunywa kopo na kukaa mbali na kaunta.

Ushauri mmoja kwa mtakaokwenda, maana najua mtakwenda: bia ya bomba ikiwa na siagi au siki, agizeni kopo la aina hiyo hiyo mlinganishe. Kopo likiwa na kasoro ile ile, kosa ni la matangi na hapo fundi ana kesi. Kopo likiwa safi, ombeni pua ya bomba ifunguliwe. Mkiambiwa ndiyo kraft yenyewe, msicheke wala msigombane, wekeni glasi mbili sambamba kaunta mkae kimya. Mimi nilipiga kelele, na naona nusu ya mkosi ulikuwa wangu.

Machicha niliyaacha wiki ile yote. Kiburi, najua. Dada akanisema, ng'ombe hawajui habari za heshima yangu. Ilipofika siku yangu ya kawaida nikachukua ndoo nikaenda, mlango wa nyuma. Nikakuta zimekwishajazwa nyingine, zimepangwa kivulini, zimefunikwa. Kijana akatoka bila aproni, akashika mkono mmoja wa ndoo nami nikashika wa pili, tukapakia zote bila kusemezana. Ya mwisho ilipopanda nikamuuliza, "Mabomba?"

"Tumesafisha jana, mzee."

Sikumuuliza jana ipi.