Uzoefu wangu: kuazima ski na vifaa vya theluji bure Tromsø, tukiwa na watoto wawili

Habari zenu wapendwa. Naandika hii kwa ajili ya familia zinazohamia huku kaskazini ya Norway, hasa wenye watoto wa shule, maana mwaka tuliofika sisi hatukuwa na mtu wa kutuambia na tulipoteza hela na mtoto akalia. Tunakaa Tromsø, mimi, baba Zuhura, Zuhura mwenyewe ana miaka 8 sasa na mdogo wake Idi ana 4. Kwetu Tanga. Kabla ya hapo baridi kali niliyokuwa naijua ni ya Lushoto mwezi wa saba.

Ilianza hivi. Shule ilituma ujumbe kwamba wiki ijayo ni siku ya ski (zile mbao mbili nyembamba ndefu unafunga miguuni unateleza nazo kwenye theluji), kila mtoto aje na ski zake, chakula cha kufunga, kikalio cha kukalia kwenye theluji na glavu za akiba. Ujumbe mfupi tu, kwao ni kitu cha kawaida kama sisi kuambiwa mtoto aje na ufagio na ndoo. Mi nikaingia mtandaoni kwenye mitumba nikanunua ski na buti za mtu krona 700, akaniambia zinamfaa mtoto wa miaka 7, nikaamini. Asubuhi ile Zuhura anavaa, buti haziingii kwenye ski kabisa, yaani kile kifunga cha kwenye ski na soli ya buti ni aina mbili tofauti, kumbe ziko za mfumo huu na za mfumo ule na hazichanganyiki. Na ski zenyewe ndefu zimempita kichwa kwa mbali. Siku nzima mwanangu alitembea kwa miguu pembeni wenzake wanateleza, na kwenye zile reli mbili za kupitishia ski zilizochorwa kwenye theluji hakuruhusiwa kukanyaga maana ukipita na buti unaziharibu. Aliporudi hakusema kitu, alikuja kulia usiku kitandani. Iliniuma sana ile.

Aliyetuokoa ni mama mmoja Mkongomani kutoka Uvira, tulikuwa naye darasa la Kinorwe. Nikamsimulia akashika mdomo, akasema, "Mama Zuhura, usilipe tena franga, kule banapatiaka bure!" Kesho yake akanipeleka kwenye kituo cha kuazima vifaa.

Basi hiki kituo (Kinorwe wanaita utstyrssentral, ulizeni kwa jina hilo kwenye manispaa yenu, sehemu nyingi vipo) ni kama maktaba ila badala ya vitabu kuna ski, buti, fimbo, helmeti, viatu vya kuteleza kwenye barafu, mabegi ya mgongoni, mahema, mifuko ya kulalia, na vile vikapu vya kuburuta mtoto kwenye theluji vinaitwa pulk. Unajisajili kwa namba ya simu, unachukua, cha kwetu unakaa navyo wiki moja, unarudisha vikiwa vikavu na visafi, kwisha. Hulipi hata senti. Na hawakuulizi mshahara wala karatasi yoyote ya uhamiaji, hilo ndo lilinigusa mimi, maana mgeni huku umezoea kila dirisha unatoa vyeti. Pale mstari mmoja nilisimama na baba mmoja Mnorwe ana gari la bei mbaya anaazima ski za mwanae kama mimi, kwa sababu watoto wanakua, nani anunue ski mpya kila mwaka?

Kijana wa pale alimpima Zuhura urefu kwanza, akasema anayeanza apewe ski zinazomlingana au zimzidi kidogo tu. Akatupa zile zenye kipande cha manyoya chini katikati, hizo hazihitaji kupakwa nta, manyoya yanashika theluji ukikanyaga na yanateleza ukisukuma mbele. Fimbo akatuambia siku ya kwanza tuziache nyumbani kabisa, mtoto ajifunze kusimama kwa miguu yake kwanza. Nilimshangaa ila alikuwa sahihi, mtoto mwenye fimbo anaziegemea kama mgonjwa na hajifunzi.

Jumapili yake baba Zuhura hakuwa na shifti, tukatoka wote wanne, mara ya kwanza tangu tufike. Tulienda juu Prestvannet, lile ziwa lililo katikati ya kisiwa cha mji wetu, likiganda watu wanatembea na kuteleza juu yake, na karibu na hapo inapita njia ya ski yenye taa. Taa ni muhimu jamani, kwa asiyejua, Tromsø jua halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa mwezi wa 11 mpaka katikati ya mwezi wa kwanza, mchana unapata mwanga wa bluu masaa machache halafu giza. Sisi tulitoka saa sita mchana na tulihitaji taa. Zuhura alianguka labda mara ishirini. Kuna namna ya kunyanyuka, unalala ubavu, unaweka ski zote mbili upande mmoja, unapiga magoti halafu unasimama, akishaijua mtoto haogopi tena kuanguka. Kilima kidogo unapanda ukiwa umetanua ncha za mbele kama mfupa wa samaki, kushuka unafanya kinyume chake. Ile ya kushuka ya kwanza aliyomaliza bila kuanguka alipiga kelele "Babaaa umeniona?" na baba yake alikuwa amemuona, alikuwa amesimama pale chini na Idi kwenye pulk, na mimi nilikuwa nalia sijui kwa baridi au kwa furaha.

Tulikaa kwenye theluji tukanywa chai ya tangawizi ya kwenye chupa na maandazi. Jirani zetu pale waliwasha moto wakawa wanachoma soseji kwenye vijiti, wakatuita tukaongezea zetu za ng'ombe. Hapa pia niliogopa kumbe hakuna shida, kuna sheria yao ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kupita na kupumzika kwenye pori hata kama lina mwenyewe, na moto kwenye msitu au karibu nao kwa ujumla unakatazwa kuanzia 15 Aprili mpaka 15 Septemba, kipindi cha baridi unawasha ila uwe muangalifu.

Sasa hela mliyookoa kwenye ski pelekeni kwenye sufu. Hapa nasisitiza. Nguo ya ndani iwe sufu, siyo pamba. Pamba ikilowa jasho inakaa na maji mwilini na mtoto anaganda, sufu hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto. Juu yake sufu nyingine au flisi (kile kitambaa laini chepesi cha joto), halafu la mwisho la kuzuia upepo na theluji. Za mitumba zipo nyingi na ni nzuri, watoto huwa hawazimalizi. Aliyekaa kwenye pulk avishwe zaidi kuliko anayemburuta, wewe unatoka jasho yeye amekaa tu, kila baada ya muda ingiza mkono shingoni kwake, usitegemee vidole tu. Na wenye mabinti, msisuke nywele za kusimama juu siku ya ski! Helmeti haikai. Suka mistari ya kulala nyuma. Mimi hijabu yangu ya kawaida nilibadilisha nikashona moja ya sufu nyembamba, inakaa chini ya kofia bila kubana.

Mapungufu yapo pia. Kituo chetu kinafunguliwa siku chache na masaa machache, ukiwa kazini mpaka jioni unakikosa. Buti za namba ndogo zinaisha haraka sana, hasa wiki moja kabla ya siku ya ski ya shule na kabla ya likizo ya baridi, niliwahi kwenda mara mbili nikarudi mikono mitupu, Idi akakosa. Siku nyingine tulipewa fimbo moja imelegea kamba ya mkononi, angalieni vitu kabla hamjatoka mlangoni. Na hakuna anayekufundisha kuteleza, unapewa vifaa tu, ya kwetu tulijifunza kwa kuangalia wenzetu na kwa yule mama wa Uvira ambaye watoto wake sasa wanaruka milima.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ni kwa ajili ya masaa ya kufungua tu.

Mwaka jana 21 Januari, siku ambayo Tromsø wanalisubiri jua litokeze tena juu ya milima, shule inawatoa watoto nje kulitazama na watu wanakula maandazi yao ya mviringo ya jamu ndani, Zuhura aliomba aende na ski. Mawingu yalilifunika, hatukuliona siku ile. Tuliliona siku mbili baadaye tukiwa njiani kule Prestvannet, dakika chache tu, limepaka milima rangi ya embe bivu, na Idi akauliza kama hilo ndo jua lile lile la kwa bibi Tanga. Pulk ya wiki ya 10 ya mwaka, ile ya likizo ya baridi, nimeshaweka oda, safari hii mapema.