Vikao vinne vya kuchagua aria kwa sauti nzito ya kike, Upanga: uzoefu wangu

Miaka tisa nimeimba sauti ya pili (alto) kwenye kwaya ya usharika wetu Kinondoni, Dar es Salaam, na kila teno (sauti ya juu ya wanaume) walipopungua mimi ndiye niliyesogezwa upande wao. Wanawake wenye sauti nzito mnaijua hiyo safari. Kwa hiyo nilipoamua kutuma video ya usaili kwenye kozi ya opera nje ya nchi, wasiwasi wangu haukuwa kushuka chini. Nilihangaika niimbe nini. Walitaka aria tatu, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja kutoka kwenye opera, angalau moja ya Kiitaliano.

Mwalimu wa kwanza niliyemwendea, ambaye sitamtaja, alinipa "O don fatale" ya Verdi siku hiyohiyo, eti kwa kuwa nina sauti kubwa. Nikaing'ang'ania mwezi mzima. Ile ni aria ya mwimbaji aliyekwisha kukomaa. Mwishoni inapanda kwa nguvu zote, na mimi nilikuwa nafika pale koo limeshakaba. Siku nyingine nilirudi nyumbani sina sauti hata ya kuitikia salamu.

Ndipo mwenzangu wa kwaya akanielekeza kwa mama mmoja wa Upanga anayefundisha sebuleni kwake. Shilingi 40,000 kwa kikao cha saa moja. Nusu saa ya kwanza hakufundisha kitu: alinisomesha Zaburi kwa sauti, akaniimbisha tenzi moja kwa doh (sauti ya msingi ya wimbo) tatu tofauti, huku anaandika. Kisha akasema, "Mwanangu, usiangalie nota ya juu kabisa wala ya chini kabisa. Angalia wimbo unakaa wapi." Akachukua penseli, tukapitia kila aria niliyoleta mstari kwa mstari, tukiweka alama pale sauti inapopumzika na pale inaponing'inia juu muda mrefu. Nota moja ya juu unaipita ukaisahau. Kurasa mbili za kuning'inia zinakumaliza. Kwa jambo hili peke yake hela yangu ilirudi.

Habanera, aria ya opera ya Carmen, ambayo kila alto anaitamani, aliiweka kando mapema. Alisema wasaili wameisikia mno, na kinachoibeba ni uigizaji na Kifaransa, vitu ambavyo bado sina.

Tulianza na "Che farò senza Euridice" ya Gluck, na hapa nina onyo kwa wenzangu wa solfa, yaani nota za herufi d, r, m. Nota nilizipakua bure IMSLP, maktaba ya nota mtandaoni, nikachapisha stationery pale Posta, nikajiandikia solfa yangu kama tulivyozoea. Kila nikiimba nabanwa. Mwalimu alipoziona tu akajua: nilichukua toleo la Paris la 1774, ambalo Gluck alimwandikia mwanamume mwenye teno ya juu, doh F, yaani juu zaidi. Toleo la kwanza la Vienna, 1762, lilikuwa la sauti ya alto, doh C. Kwenye solfa herufi ni zilezile, kwa hiyo macho hayakuniambia kitu. Nikachapisha upya. Kiitikio chake kinarudi mara tatu, na kwa doh C nikafika cha tatu nikiwa bado na pumzi.

Ya pili ni "Priva son d'ogni conforto" ya Handel, kutoka opera ya Giulio Cesare ya 1724. Cornelia ameuawa mume wake, na anaimba taratibu kama mtu aliyeishiwa machozi. Sehemu ya kwanza inarudiwa, na marudio yanatakiwa yapambwe. Mwalimu aliniuliza kama nimewahi kusikia mwimbaji wa taarabu akirudia beti vilevile. Nikaelewa palepale.

Kiitaliano, jamani, msikiogope. Vokali zake ziko karibu sana na zetu, na maneno mengi yanaishia na vokali kama ya kwetu. Kazi iko kwenye konsonanti mbili: "nono" ni wa tisa, "nonno" ni babu. Hapo tulikaa karibu kikao kizima.

Ya tatu, ya Kiingereza, ni "Must the winter come so soon" ya Samuel Barber, kutoka opera ya Vanessa ya 1958. Ni fupi, kama dakika mbili hivi, na inakaa katikati ya sauti yangu kabisa. Bado ina hatimiliki, kwa hiyo nota zake nilinunua. Majira ya baridi siyajui, nikamwambia. Akaniuliza masika barabara ya Jangwani ikifungwa kwa mafuriko na uko ndani unamsubiri mtu, unajisikiaje? Tangu siku hiyo naiimba nikiwa dirishani kwetu.

Kasoro zipo. Kinanda chake kina funguo 61 tu, kwa hiyo besi za chini kabisa zinakatwa au zinapandishwa, na mwimbaji unazihitaji zile besi ili usimame juu yake. Vikao viwili vilichelewa kuanza zaidi ya dakika ishirini. Kifaransa hafundishi, na analisema hilo mwenyewe kabla hujalipa, jambo nililolipenda.

Video nimeituma, jibu bado. Ukienda, chukua kikao cha jioni baada ya kazi, usiende asubuhi ukiwa na sauti mbichi. Aria unayoimaliza vizuri ukiwa umetoka kusimama kwenye daladala kutoka Mbezi, hiyo ndiyo yeye anaiwekea tiki.